Mechi Isiyo na Faida: New York Giants na Msimu wa 2007

Leo tunakwenda Marekani, kwenye futiboli ya kwao, ile ya kofia ngumu na mpira uliochongoka pande mbili. Kisa ni cha klabu moja ya New York na msimu wake wa 2007, na hasa cha usiku mmoja ambao kocha alitakiwa kuchagua: awapumzishe wachezaji wake, au awaingize katika mechi ambayo wakishinda hawaongezi kitu na wakifungwa hawapunguzi kitu.

Usiku wenyewe ni wa Jumamosi, tarehe 29 Desemba 2007. Uwanja ni Giants Stadium, East Rutherford, jimbo la New Jersey, ng'ambo ya mto Hudson ukitoka jijini New York. Ni mechi ya 16, ya mwisho katika msimu wa kawaida wa ligi ya NFL. Wenyeji, New York Giants, wameshinda mechi 10 na kufungwa 5. Nafasi ya kuingia kwenye mchujo wanayo tayari, na katika msimamo wa kundi lao la NFC hawapandi wala hawashuki: wao ni wa tano, matokeo yawe yoyote. Wageni ni New England Patriots. Wamecheza mara 15, wameshinda mara 15.

Kwa msikilizaji asiyeufuatilia mchezo huu, maelezo machache yatatosha. Kila upande unaingiza watu 11. Uwanja una urefu wa yadi 100, na timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea angalau yadi 10. Ikifanikiwa, hupewa manne mengine. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Anayeendesha mashambulizi anaitwa kwotabeki: yeye ndiye anayepokea mpira kila jaribio linapoanza, na ndiye anayeamua aurushe kwa nani au ampe nani akimbie nao. Mpira ukifikishwa katika eneo la mwisho la wapinzani, hiyo ni tachidauni, pointi 6, na mkwaju unaofuata huongeza 1. Mpira ukipigwa kwa mguu ukapita kati ya nguzo mbili, ni pointi 3. Mechi ina robo nne za dakika 15. Msimu wa kawaida ukiisha huja mchujo wa mtoano, ambao mwaka ule ulichukua timu 12 kati ya 32 za ligi. Ukifungwa mara moja, umekwisha. Kilele chake ni fainali iitwayo Super Bowl.

Katika historia yote ya ligi hiyo, timu iliyowahi kumaliza msimu mzima pamoja na fainali bila kupoteza wala kutoka sare ni moja tu: Miami Dolphins wa 1972, walioshinda mechi 17. Tangu msimu wa kawaida ulipoongezwa kufikia mechi 16 mwaka 1978, hakuna aliyekuwa ameshinda zote 16. Patriots walikuja New Jersey kwa ajili hiyo. Walikuwa na kocha Bill Belichick, kwotabeki Tom Brady na mpokea pasi mrefu mwenye kasi, Randy Moss. Hamu ya watu ilikuwa kubwa kiasi kwamba mechi ilirushwa na vituo vitatu vya televisheni kwa wakati mmoja: NFL Network, CBS na NBC.

Desturi ya ligi ilikuwa wazi. Kocha ambaye hana cha kupata katika mechi ya mwisho huwaweka nyota wake benchi. Mchezo huu huvunja watu, na wiki moja baadaye kuna mtoano. Hakuna ambaye angemlaumu kocha wa Giants kwa kufuata desturi hiyo.

Kocha huyo aliitwa Tom Coughlin, na aliamua kuingiza kikosi chake chote.

Uzito wa uamuzi huo hauonekani mpaka mtu ajue Giants walikotoka. Klabu ilianzishwa na Tim Mara mwaka 1925, na ni miongoni mwa zile kongwe za ligi. Msimu wa 2006 ulikuwa umewaachia uchungu: walianza kwa ushindi mara 6 katika mechi 8, kisha wakaporomoka na kumaliza na ushindi 8, vipigo 8, wakatolewa na Philadelphia Eagles katika raundi ya kwanza ya mchujo. Mashabiki walidai Coughlin afukuzwe. Wamiliki walimwongezea mwaka mmoja tu kwenye mkataba, na kila mtu alielewa maana yake.

Sehemu ya tatizo ilikuwa tabia ya kocha mwenyewe. Coughlin alikuwa mtu wa amri. Kwake mkutano wa saa tatu ulianza saa tatu kasoro dakika tano, na mchezaji aliyefika saa tatu kamili alihesabiwa amechelewa na kutozwa faini. Wachezaji walimheshimu kwa woga, na woga ulikuwa umeanza kugeuka chuki. Kabla ya msimu wa 2007 alibadilika. Aliunda baraza la wachezaji wakongwe, akawa anakaa nao na kuwasikiliza. Katikati ya kambi ya mazoezi alifuta mkutano wa usiku, akawapakia wote kwenye mabasi na kuwapeleka kucheza boling. Saa zake ziliendelea kutangulia dakika tano, lakini wachezaji walianza kumwona mtu nyuma ya filimbi.

Kikosi chenyewe kilikuwa na mapengo. Tiki Barber, mkimbiaji wao mkuu, alikuwa amestaafu na kwenda kuwa mchambuzi wa televisheni, na kutoka huko akautilia shaka hadharani uongozi wa kwotabeki kijana, Eli Manning. Manning alikuwa na mzigo mwingine: kaka yake mkubwa, Peyton, alikuwa ametoka kutwaa Super Bowl na tuzo ya mchezaji bora wa fainali akiwa na Indianapolis Colts. Michael Strahan, mlinzi wa pembeni aliyeweka rekodi ya kuwaangusha makwotabeki mara 22 na nusu katika msimu mmoja, alikosa kambi yote akiwaza kustaafu, akarudi siku chache kabla ya mechi ya kwanza. Meneja mkuu, Jerry Reese, alikuwa mgeni katika kiti chake. Mwalimu wa ulinzi, Steve Spagnuolo, alikuwa mgeni pia, ameletwa kutoka kwa mahasimu wao Eagles.

Wakaanza vibaya. Dallas Cowboys waliwapiga 45 kwa 35. Wiki iliyofuata Green Bay Packers waliwatandika 35 kwa 13, nyumbani kwao. Mechi mbili, pointi 80 zimeingia. Magazeti ya New York yakaanza kuorodhesha makocha wa kuja kumrithi Coughlin.

Kabla ya mechi ya tatu, dhidi ya Washington, timu ilitembelewa na Greg Gadson, afisa wa jeshi la Marekani aliyepoteza miguu yote miwili kwa bomu huko Iraq mwezi Mei mwaka ule. Alikuwa amecheza futiboli chuo cha jeshi cha West Point pamoja na mmoja wa walimu wa Giants. Alizungumza nao akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akaeleza jinsi askari wenzake walivyomwokoa na jinsi watu wa kikosi kimoja wanavyotegemeana. Siku ya pili yake walikuwa nyuma 17 kwa 3 wakati wa mapumziko. Wakasawazisha, wakapita, wakawa 24 kwa 17. Katika dakika ya mwisho Washington walifika yadi 1 kutoka kwenye eneo la kufungia, wakiwa na majaribio manne mkononi. Ngome ya Giants ikayazuia yote.

Pamoja na ushindi huo, walishinda mechi sita mfululizo. Dhidi ya Eagles walimwangusha kwotabeki wa wapinzani mara 12, sawa na rekodi ya ligi, na mara 6 kati ya hizo zilikuwa za mtu mmoja: Osi Umenyiora, mzaliwa wa London, mtoto wa wazazi Wanigeria. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 28 Oktoba, Umenyiora alirudi katika jiji alikozaliwa. Giants na Miami Dolphins walikutana Wembley, mbele ya watazamaji zaidi ya 80,000, katika mechi ya kwanza ya msimu wa kawaida wa NFL kuchezwa nje ya bara la Amerika Kaskazini. Mvua ilinyesha, nyasi zikageuka tope, Giants wakaondoka na ushindi wa 13 kwa 10.

Katika ngome hiyo kulikuwa na jina ambalo msikilizaji wa Afrika Mashariki hataliruka. Mathias Kiwanuka alizaliwa Indianapolis, lakini babu yake alikuwa Benedicto Kiwanuka, kiongozi wa chama cha Democratic Party na Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, baadaye Jaji Mkuu, aliyekamatwa mahakamani Kampala mwezi Septemba 1972 na kuuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Mjukuu alichaguliwa na Giants mwaka 2006 katika raundi ya kwanza kutoka Boston College. Msimu wa 2007 alihamishwa kutoka mstari wa mbele na kupewa nafasi mpya nyuma yake, akaimudu. Tarehe 18 Novemba, mjini Detroit, alivunjika mguu. Timu ilishinda 16 kwa 10, na msimu wa Kiwanuka ukaishia pale.

Wiki iliyofuata ilikuwa mbaya kuliko zote. Minnesota Vikings walikuja New Jersey wakawachapa Giants 41 kwa 17. Manning alirusha pasi nne mikononi mwa wapinzani, na tatu kati ya hizo zilirudishwa mbio hadi kuwa tachidauni. Katikati ya Desemba Washington nao wakaja kulipiza, 22 kwa 10, katika upepo mkali. Siku hiyo Manning alirusha zaidi ya pasi 50 na zilizofika kwa wenzake hazikufika 20. Jeremy Shockey, mpokea pasi aliyetegemewa sana, alivunjika mguu.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Giants wa 2007 walitunzwa ugenini. Nyumbani walishinda mechi 3 kati ya 8. Nje walishinda 7 kati ya 8. Nafasi yao ya mchujo waliipata Buffalo, kwenye mvua na theluji, walipotoka nyuma na kushinda 38 kwa 21, huku kijana Ahmad Bradshaw, aliyechaguliwa katika raundi ya saba na ya mwisho ya mwaka ule, akikimbia yadi 88 kwa mkupuo mmoja.

Hii ndiyo timu iliyofika kwenye Jumamosi ya 29 Desemba. Ilikuwa imefuzu, lakini hakuna aliyeiamini. Kwotabeki wake alikuwa akizomewa na mashabiki wake mwenyewe. Na mbele yake walikuwa Patriots, ambao msimu huo walikusanya pointi 589, idadi ambayo hakuna timu iliyokuwa imewahi kuifikia.

Giants waliwavaa bila kuogopa. Walitangulia kwa tachidauni, Patriots wakajibu kwa pointi 3. Domenik Hixon aliudaka mpira wa kuanzishia na kukimbia nao yadi 74 moja kwa moja hadi mwisho. Katika robo ya tatu wenyeji waliongoza 28 kwa 16, na uwanja ambao miezi miwili ulikuwa ukiwazomea ukawa unatetemeka. Kisha Brady na Moss wakafanya kazi yao. Brady alirusha pasi ndefu, Moss hakuishika. Jaribio lililofuata wakarudia pasi ileile, na safari hii ilikuwa tachidauni ya yadi 65. Ilikuwa pasi ya 50 ya tachidauni kwa Brady msimu ule na ya 23 kwa Moss, zote mbili zikiwa rekodi. Patriots walishinda 38 kwa 35 na kumaliza na ushindi 16 katika mechi 16.

Hasara kwa Giants haikuwa ya matokeo peke yake. Shaun O'Hara, nguzo ya mstari wa mbele wa mashambulizi, aliumia goti. Beki mkongwe Sam Madison aliumia. Kawika Mitchell aliumia. Watu watatu wa kikosi cha kwanza, katika mechi isiyo na faida, siku nane kabla ya mtoano. Lawama zilikuwa na pa kuanzia. Lakini asubuhi ya pili yake John Madden, kocha mstaafu na mtangazaji aliyeheshimika kuliko wote katika mchezo ule, alimwachia Coughlin ujumbe wa simu wa kumshukuru kwa kuuheshimu mchezo.

Na wachezaji wenyewe? Walikuwa wamewafunga pointi 35 watu wasiofungika. Manning alikuwa amepiga pasi nne za tachidauni dhidi ya timu bora ya kizazi chake. Robo ya tatu ilipokwisha walikuwa mbele. Hakuna hotuba ambayo ingeweza kuwapa kitu hicho, na hakuna mapumziko ambayo yangewapa. Waliingia kwenye mchujo wakiwa wamepoteza, lakini wakijijua.

Tarehe 6 Januari 2008 walikwenda Tampa, Florida, wakawafunga Buccaneers 24 kwa 14. Manning, yule wa pasi nne mikononi mwa Vikings, hakupoteza hata moja.

Wiki iliyofuata ilikuwa Dallas. Cowboys walikuwa vinara wa kundi kwa ushindi 13, na walikuwa wamewafunga Giants mara mbili msimu uleule. Kabla ya mapumziko Cowboys walikaa na mpira muda mrefu wakapata tachidauni ya 14 kwa 7. Kilichokuwa kimebaki hakikutimia dakika moja, na timu nyingi zingejikalia tu zisubiri mapumziko. Manning aliivusha timu yadi 71 na kusawazisha. Robo ya mwisho Brandon Jacobs, mkimbiaji mwenye umbo la mlinzi, alipenya na kuweka 21 kwa 17. Dakika za lala salama Cowboys walikuwa langoni, na Tony Romo akarusha pasi ya mwisho kwenye eneo la kufungia. R.W. McQuarters wa Giants aliidaka.

Kisha Green Bay, tarehe 20 Januari, fainali ya kundi la NFC. Baridi ya usiku ule ilikuwa nyuzi 18 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi, na kwa upepo uliokuwa ukivuma mwili ulihisi nyuzi 31 chini ya sifuri. Uso wa Coughlin uliiva kwa baridi ukawa mwekundu mbele ya kamera. Plaxico Burress, aliyecheza msimu mzima na kifundo cha mguu kibovu, alipokea pasi 11. Mpiga mikwaju, Lawrence Tynes, mzaliwa wa Scotland, alikosa mkwaju mmoja katika robo ya nne, kisha akakosa mwingine wakati saa inakwisha, ambao ungemaliza mechi. Matokeo yakabaki 20 kwa 20. Muda wa nyongeza ukaanza, Packers ndio wenye mpira. Brett Favre alirusha pasi, Corey Webster akainyakua, na hiyo ikawa pasi ya mwisho ya Favre katika jezi ya Green Bay. Giants walisimama yadi 47 kutoka kwenye nguzo. Mtu aliyekosa mara mbili hakusubiri kuitwa. Tynes alikimbilia uwanjani kabla kocha hajasema neno. Akaupiga, ukapita. Giants 23, Packers 20.

Ulikuwa ushindi wao wa kumi mfululizo ugenini. Na aliyewasubiri fainali, tayari akiwa na ushindi 18 bila kipigo, alikuwa Patriots.

Super Bowl ya 42 ilichezwa tarehe 3 Februari 2008 mjini Glendale, Arizona. Kampuni za kubashiri ziliwapa Patriots ushindi kwa tofauti ya takriban pointi 12. Burress alitabiri mbele ya waandishi wa habari kwamba timu yake ingeshinda 23 kwa 17. Brady alicheka, akashangaa kuambiwa timu yake ingeishia pointi 17.

Giants walianza na mpira na wakakaa nao dakika 9 na sekunde 59, shambulizi la ufunguzi refu kuliko yote katika historia ya Super Bowl. Walipata pointi 3 tu, lakini kila dakika waliyoutunza mpira ilikuwa dakika ambayo Brady aliketi benchi. Patriots wakaenda mapumziko wakiongoza 7 kwa 3. Hapo ndipo kazi ya Spagnuolo ilipoonekana. Aliwachanganya watu wake wa mbele, akamwingiza Justin Tuck katikati ya mstari badala ya pembeni, wakamfuata Brady kutoka pande ambazo walinzi wake hawakuzitarajia. Tuck alimwangusha mara mbili na kumpokonya mpira mara moja. Jumla Brady alianguka mara tano. Mashine iliyokuwa ikizalisha zaidi ya pointi 36 kwa mechi ilikwama.

Robo ya nne ikafunguka. Kevin Boss, kijana wa mwaka wake wa kwanza aliyejaza pengo la Shockey, alipokea pasi ya yadi 45. Muda mfupi baadaye David Tyree alifunga tachidauni: Giants 10, Patriots 7. Brady akajibu kwa pasi kwa Moss, zikiwa zimebaki dakika 2 na sekunde 42: Patriots 14, Giants 10.

Giants waliupata mpira wakiwa yadi 17 kutoka kwenye mstari wao wenyewe. Mbele yao yadi 83, saa ikionyesha dakika 2 na sekunde 39. Jaribio la nne lilikuja mapema, wakihitaji yadi 1. Jacobs akajitupa katikati ya rundo la watu na kuipata. Kisha Manning alirusha pasi iliyopita juu mno, Asante Samuel wa Patriots akaruka, mpira ukamgusa vidole na kumtoka. Angeushika, mechi ilikuwa imekwisha.

Jaribio la tatu, yadi 5 zikihitajika, dakika 1 na sekunde 15 zimebaki. Manning alizingirwa. Wapinzani walimshika jezi, wakamvuta, akajinasua, akarudi nyuma, akageuka na kurusha mpira juu katikati ya uwanja. Aliyekuwa chini ya mpira huo ni Tyree, mtu ambaye kazi yake hasa ilikuwa kukimbiza wapokeaji wa mikwaju mirefu, na ambaye msimu mzima wa kawaida alikuwa amepokea pasi 4. Mama yake alikuwa amefariki mwezi Desemba. Tyree aliruka pamoja na Rodney Harrison, mmoja wa walinzi wakali wa zama zake. Mkono wa Harrison uliugonga mpira. Tyree akaubana kwenye kofia yake kwa mkono wa kulia, akaanguka chali, mpira haukugusa nyasi. Yadi 32.

Kazi haikuwa imekwisha. Giants walirudishwa nyuma kidogo, wakajikuta tena jaribio la tatu, safari hii wanahitaji yadi 11. Steve Smith, naye wa mwaka wa kwanza, alipokea pasi ya yadi 12 na kutoka nje ya mstari ili saa isimame. Jaribio lililofuata Patriots waliwatuma watu wengi kumfuata Manning na kumwacha Burress na mlinzi mmoja. Burress alijifanya anakata ndani, mlinzi akamfuata, Burress akageukia pembeni peke yake. Pasi ilimfika mikononi. Sekunde 35 zimebaki, Giants 17, Patriots 14. Jay Alford akamwangusha Brady mara moja zaidi, pasi mbili ndefu kwa Moss hazikufika, na msimu uliotakiwa kuwa mkamilifu ukaisha kwa ushindi 18 na kipigo kimoja. Manning alipewa tuzo ya mchezaji bora wa fainali, mwaka mmoja baada ya kaka yake.

Je, kombe lilipatikana kwa sababu ya mechi ya 29 Desemba? Wapo wanaokataa, na hoja zao zina nguvu. Tarehe 3 Januari 2010 Patriots haohao walimwingiza mpokea pasi wao, Wes Welker, katika mechi ya mwisho ya msimu huko Houston, goti lake likachanika, na wiki iliyofuata Baltimore Ravens wakawatoa 33 kwa 14. Lakini msimu huohuo Indianapolis Colts, wakiwa wameshinda mechi 14 za kwanza, waliwatoa nyota wao uwanjani wakiwa wanaongoza dhidi ya New York Jets. Wakafungwa 29 kwa 15 huku mashabiki wao wakizomea, na ingawa walifika Super Bowl, walifungwa na New Orleans Saints 31 kwa 17. Mfano mmoja haumalizi mjadala.

Lakini kila timu ina hitaji lake, na hapo ndipo Coughlin aliposoma vizuri kuliko wakosoaji wake. Timu yenye uhakika na uwezo wake inaweza kupumzika. Giants hawakuwa na uhakika huo. Walikuwa na kwotabeki aliyetoka kuzomewa, walinzi waliojaza nafasi za majeruhi kama Kiwanuka, na vijana wa mwaka wa kwanza ambao hawajawahi kucheza usiku mkubwa. Walihitaji kupimana na walio bora kabla ya kukutana nao kwa ajili ya kombe. Boss alifunga tachidauni katika mechi ile ya Desemba; Februari akaja na zile yadi 45. Spagnuolo aliona kwa macho yake kipi hakikumzuia Brady, akaja na mpango mwingine. Aliyekuwa na wiki tano za kuitafakari mechi ile aliitumia vizuri.

Miaka minne baadaye timu hizi zilikutana tena fainali, tarehe 5 Februari 2012, na Giants walishinda tena, 21 kwa 17, Coughlin na Manning wakiwa walewale. Mchezo ulikuwa Indianapolis, alikozaliwa Mathias Kiwanuka, na safari hii mjukuu wa Benedicto Kiwanuka alikuwa uwanjani kwa miguu yake miwili.

Leo msimu wa kawaida una mechi 17, na timu 14 huingia kwenye mchujo. Kila wiki ya mwisho kuna makocha wenye nafasi isiyopanda wala kushuka, na wengi wao huwaketisha nyota wao. Wana haki. Lakini kocha mwenye timu isiyojiamini ana sababu ya kuutazama upya mkanda wa 29 Desemba 2007, robo zote nne, pamoja na majeraha yake matatu na kipigo chake cha 38 kwa 35.